Namba 500: kisa cha mwalimu wa muziki na programu iliyokataa kusakinishwa

"Mwanangu, nimefuata maelekezo yako yote, neno kwa neno. Sasa naona 500 tu. Ina maana nimevuka kiwango nilicholipia?"

Aliyeniandikia hivyo ni mwalimu wa muziki. Ana tovuti yake ndogo: picha chache, ratiba, namba ya simu. Alitaka wanafunzi wajiwekee miadi ya masomo wenyewe badala ya kumpigia simu katikati ya kipindi. Nilikuwa nimeandika programu ya wavuti inayofanya kazi hiyohiyo, na niliitoa bure kwa yeyote mwenye tovuti. Imeandikwa kwa PHP, lugha ya kuandikia programu za wavuti, na ilikuwa inahifadhi taarifa zake kwenye MySQL, ambayo ni hifadhidata yenye seva yake, kwa hiyo inatosha kuwekwa kwenye seva ya kawaida ya pamoja, ile ambayo tovuti nyingi za watu mbalimbali huishi humo. Mwongozo wa kuisakinisha ulikuwa na hatua 11. Niliuona mfupi, na niliwahi kuusifia mbele za watu kwa ufupi wake.

Namba 500 haihusiani na malipo. Ni jibu la seva linalosema kwamba kuna kitu kimevunjika huko ndani, basi. Lakini nilipousoma ujumbe wake mara ya pili niliona kwamba swali lake lilikuwa na akili kuliko jibu la programu yangu. Alipewa namba tupu, akaitafutia maana katika yale anayoyajua, na anachokijua ni kwamba kampuni inayohifadhi tovuti yake humpa kiwango fulani cha nafasi. Mimi ndiye niliyemwachia namba hiyo bila neno la kuisindikiza.

Nikamwomba turudie tangu mwanzo, yeye kwenye kiti na mimi pembeni, kimya. Nilikuwa nimezoea kumsaidia mtu kwa kumpokonya kipanya. Safari hii niliweka daftari mapajani, na mengi ninayoyaeleza hapa yametoka kwenye daftari hilo.

Jioni ya hatua 11

Hatua ya kwanza, pakua faili ya zipu. Ya pili, ifungue. Zote mbili hazikumsumbua. Hatua ya tatu ilisema "pakia faili zote kwenye seva kwa FTP." FTP ni njia ya kupeleka faili kutoka kompyuta yako hadi kwenye seva. Sentensi moja tu, nayo ndiyo iliyokuwa imemla jioni nzima alipojaribu peke yake.

Ndani ya ile zipu mlikuwa na faili zaidi ya 3,000. Chache tu ndizo nilizoziandika mimi. Zilizobaki ni maktaba nilizozitegemea, yaani msimbo ulioandikwa tayari na wengine, na maktaba zinazotegemewa na maktaba hizo. FTP hupeleka faili moja baada ya nyingine, na kwa kila faili hufungua njia mpya ya kupitishia data, huipitisha, kisha huifunga. Faili moja ya megabaiti 10 hupita upesi. Faili 3,000 zenye jumla hiyohiyo ya megabaiti 10 hujikokota, kwa kuwa muda mwingi unaishia kwenye kufungua na kufunga. Katikati ya safari intaneti ilikatika, ikarudi, kazi ikaendelea. Mwisho wa yote faili 41 hazikuwa zimefika. Programu ya FTP ilizitaja kwenye kichupo kidogo chini kabisa ya dirisha, na mwalimu hakuwa na sababu yoyote ya kukibofya. Kwake mstari wa kijani ulikuwa umefika mwisho.

Kulikuwa na faili nyingine ambayo hata safari hakuianza. Jina lake linaanza na nukta: .htaccess. Kompyuta yake huficha majina ya namna hiyo. Alichagua zote alizoziona, akaziburuta, ile isiyoonekana ikabaki nyuma. Kazi yake ilikuwa kupanga anwani za kurasa na, jambo lililonitoa jasho pale kitini, kuifunga folda ya nakala rudufu isisomwe na mtu wa nje. Programu ingeweza kuwaka bila faili hiyo huku majina na simu za wanafunzi vikiwa wazi kwa yeyote atakayekisia anwani. Yeye asingejua, na mimi nisingejua.

Tukafika kwenye hifadhidata. Mwongozo wangu ulisema "tengeneza hifadhidata na mtumiaji wake." Kwenye paneli yake ya udhibiti hayo ni mambo matatu: unatengeneza hifadhidata, unatengeneza mtumiaji, halafu unamwunganisha mtumiaji na hifadhidata na kumpa ruhusa. Jambo la tatu lilikuwa chini ya ukurasa, kwenye kisanduku chake chenyewe. Alilifikia kwa sababu tu alikuwa anashuka kutafuta mahali palipoandikwa "maliza." Kisha kuna lile la majina. Paneli nyingi hubandika jina la akaunti mbele ya kila jina unalolitoa. Aliandika miadi, paneli ikatengeneza mwalimu_miadi. Kwenye faili ya mipangilio akaandika miadi, jina alilolitoa kwa mkono wake mwenyewe. Mtu akikuuliza jina la mwanao unamtajia ulilompa.

Ni kwenye faili hiyo ya mipangilio ndipo kilipokuwa chanzo cha 500. Alipoibofya, kompyuta ilimwuliza aifungue kwa programu gani. Akachagua ile anayoandikia maneno ya nyimbo. Ndani yake mlikuwa na mstari wenye maneno weka-nenosiri-hapa kati ya alama mbili za nukuu zilizonyooka. Aliyafuta yote pamoja na alama zake, akaandika nenosiri lake, na kwa kuwa ana jicho la mwalimu aliona kwamba mistari mingine yote ina alama hizo, akazirudisha. Ila programu ya kuandikia nyimbo hailali: kila inapoona alama ya nukuu iliyonyooka huikunja ipendeze. Kwenye karatasi hilo ni pambo. Kwa PHP alama iliyokunjwa si alama ya nukuu hata kidogo. Faili nzima inakuwa haisomeki, programu inakufa kabla haijafungua kinywa, na seva inabaki kusema 500.

Nikamwomba akuze maandishi mpaka mstari mmoja ujaze skrini. Alama za mistari yangu zilisimama wima kama misumari. Zake zilijikunja kama viluwiluwi, kimoja kichwa juu, kingine kichwa chini.

"Mwalimu, unaona tofauti?"

Akavaa miwani, akasogea. "Naziona. Lakini nani angeniambia nizitazame?"

Nani anajua nini

Nilirudi nyumbani nikayatoa maswali yote yaliyofichwa ndani ya zile hatua 11. Yalikuwa 14. Mbele ya kila swali nikaandika nani anayelijua jibu lake.

Matatu yalikuwa yake kweli: jina la shule yake, barua pepe yake, na nenosiri analotaka kuingilia. Manne yalikuwa ya kampuni inayohifadhi tovuti: seva ya hifadhidata inaitwaje, hifadhidata inaitwaje, mtumiaji ni nani, nenosiri lake ni lipi. Na saba yalikuwa ya mashine. Anwani ya tovuti, folda programu ilimo, kama tovuti inatumia https, toleo la PHP, lugha, saa za eneo, ufunguo wa siri. Nusu ya maswali yangu nilikuwa ninamwuliza binadamu mambo ambayo seva au kivinjari chake kingenijibu papo hapo, bila kukosea.

Hilo la ufunguo wa siri linanisumbua kuliko mengine. Programu hutumia ufunguo huo kutia sahihi vibali vya kuingilia, na mwongozo ulimtaka aweke "herufi 32 za kubahatisha." Aliacha palivyokuwa: badilisha-mimi. Nilipoangalia nakala nyingine mbili nilizowahi kuombwa kuzitengeneza, moja nayo ilikuwa na badilisha-mimi. Yeyote aliyepakua programu yangu alikuwa anaujua ufunguo wa nyumba hiyo. PHP ina kazi iitwayo random_bytes, ipo tangu toleo la 7, na mstari mmoja wake ungelimaliza jambo hili milele. Sikuuandika kwa sababu kuandika sentensi kwenye mwongozo kulikuwa rahisi zaidi kwangu.

Hapo ndipo maoni yangu kuhusu usakinishaji yalipobadilika. Tunasema watu wasio mafundi hawawezi kusakinisha programu. Mwalimu huyu alifuata hatua kwa uaminifu ambao fundi hana; fundi huruka nusu ya mwongozo. Kilichomshinda ni kazi ambayo mtengenezaji aliikimbia, akaiita hatua, akampa namba.

Hifadhidata ikatoka kwanza

Nilianza na yale manne ya kampuni, kwa kuwa hayo hayajibiki kwa msimbo mzuri. Hata WordPress, programu ya kutengenezea tovuti ambayo tangu zamani imejulikana kwa usakinishaji wake wa dakika tano, ukiisakinisha kwa mkono hukuuliza jina la hifadhidata, mtumiaji na nenosiri. Siwezi kuyabuni. Ninaweza tu kuacha kuyahitaji.

Nikahamia SQLite. Ni hifadhidata ambayo yote ni faili moja, haina seva, haina mtumiaji wala nenosiri, na PHP nyingi huja nayo ikiwa imeshawashwa. Mwalimu ana wanafunzi wasiofika mia. Wanaoweka miadi kwa sekunde ileile ni mmoja, wakizidi sana wawili. Kumtaka awe na MySQL ilikuwa kama kumtaka anunue lori la kubebea kinanda.

Kuna gharama. Faili ya hifadhidata ikikaa mahali inapofikiwa na kivinjari, mtu anaweza kuipakua nzima, na ile .htaccess haisaidii kwenye seva zisizoisoma. Kwa hiyo kisakinishi hujaribu kwanza kuiweka nje ya folda ya wavuti. Isipowezekana, huiweka ndani kwa jina refu la kubahatisha, kisha huiomba kwa anwani yake ya wavuti kama mgeni angefanya. Ikipatikana, usakinishaji unasimama. Gharama ya pili ni kwamba baadhi ya seva za pamoja huweka faili kwenye diski za mtandao, na huko SQLite huweza kusumbuka na kufuli zake, zile zinazozuia wawili kuandika kwa pamoja. Ile namna yake ya kuandika kwanza kwenye daftari la pembeni, iitwayo WAL, haifanyi kazi kwenye diski za mtandao, na wenye SQLite wanasema hivyo waziwazi. Nimeizima. Programu ni ya polepole kidogo, na hakuna mwanafunzi aliyegundua.

MySQL ipo bado kwa anayeihitaji. Imehamia nyuma ya kiungo kidogo ambacho mwalimu hajawahi kukibofya.

Faili moja badala ya 3,000

Sasa anapakua faili moja ndogo ya PHP. Anaipandisha kwa meneja wa faili aliyemo kwenye paneli yake, bila FTP, kisha anafungua anwani yake kwenye kivinjari. Faili hiyo ndiyo inayokwenda kuchukua programu iliyobaki, kutoka seva hadi seva. Nilikuwa nimefikiria kumpa fomu apakie zipu nzima, nikakumbuka kwamba PHP isipobadilishwa hukubali upakiaji wa megabaiti 2 tu. Ingekuwa 500 nyingine kwa sura nyingine.

Zipu ikifika hukaguliwa kwanza sahihi yake ya kidijitali, kuhakikisha kwamba imetoka kwangu na haijabadilishwa. Tangu PHP 7.2, iliyotoka mwaka 2017, sodium, maktaba inayoweza kukagua sahihi za namna hiyo, huja pamoja na PHP, hivyo ukaguzi ni mistari michache. Kisha hufunguliwa kwa vipande: faili 200, ukurasa unajiita upya, 200 nyingine. Sababu ni kikomo cha sekunde 30 ambacho PHP hujiwekea kwa kawaida. Seva iliyochoka ikikatwa katikati ya kazi huacha programu nusu, na programu nusu ni mbaya kuliko kutokuwa na programu. Mwisho kisakinishi huhesabu kila faili dhidi ya orodha. Zile 41 zisingepita hapa.

Kuhusu ruhusa za faili niseme waziwazi, kwa kuwa mwongozo wangu wa zamani ulikuwa na kosa ambalo bado linanakiliwa kila mahali. Ulisema "ikikataa, weka ruhusa 777." Kila tarakimu ni jumla ya 4 ya kusoma, 2 ya kuandika na 1 ya kutekeleza, tarakimu ya kwanza ni ya mwenye faili, ya pili ya kundi lake, ya tatu ya kila mtu mwingine aliye kwenye mashine hiyo. Saba ya tatu inamruhusu mwingine yeyote aliyemo kwenye seva ile kuandika ndani ya folda yako. Kwenye seva ya pamoja hao wengine wapo. Kawaida ni 755 kwa folda na 644 kwa faili, na kwenye seva nyingi za leo PHP huendeshwa kwa jina la mwenye akaunti mwenyewe, kwa hiyo hizo zinatosha. Mwalimu alikuwa ameshabofya 777 mara mbili kwa sababu mimi nilimwambia.

Barua iliyokwisha kuandikwa

Hapa ndipo penye jambo ninalolipenda kuliko yote katika kazi hii, na halikutoka kwangu.

Mara ya pili tulipokaa, kisakinishi kipya kilikagua seva na kukuta kiendelezi kiitwacho intl, kipande cha ziada cha PHP, hakijawashwa. Nilikuwa nimeandika ujumbe niliodhani ni mzuri: "Kiendelezi cha intl hakipo. Wasiliana na kampuni inayohifadhi tovuti yako." Akausoma kwa sauti. Akanyamaza.

"Nikiwasiliana nao, niseme nini?"

Nikamtajia maneno. Akachukua kalamu akaanza kuyaandika kwenye karatasi, herufi moja moja, i-n-t-l, akiniuliza kama l ni herufi au ni namba moja. Niliyatazama maandishi yale na nikaona kwamba karatasi hiyo ilipaswa kuwa kwenye skrini.

Sasa kila kasoro ambayo mwenye tovuti hawezi kuirekebisha mwenyewe inakuja na barua. Inaanza kwa salamu, inataja anwani ya tovuti yake, toleo la PHP lililopo, kinachohitajika na kwa nini, kwa lugha ambayo fundi wa upande wa pili ataielewa mara moja: "Tafadhali washeni kiendelezi cha intl kwenye PHP 8.1 ya akaunti hii. Programu ya miadi inakihitaji kupanga tarehe." Chini kuna kitufe kimoja, nakili. Siku hiyo aliibandika kwenye fomu ya msaada ya kampuni, na kesho yake asubuhi kiendelezi kilikuwa kimewashwa. Yeye hakuhitaji kujua intl ni nini. Alihitaji kuweza kuomba.

Tangu hapo nimekuwa nikiandika ujumbe wa kosa kwa kujiuliza nani atakayeusoma baada yake. Ujumbe mwingi husafiri: kutoka kwa mwenye tovuti kwenda kwa mpwa wake anayejua kompyuta, kwenda kwa kampuni, kwenda kwangu. Ukifika umekatwa au umesahaulika nusu, kila mtu anaanza upya.

Swali moja nililoliongeza

Baada ya kupunguza maswali kutoka 14 hadi matatu, nililazimika kurudisha moja. Mafundi wenzangu naomba walisome hili kwa makini.

Kisakinishi ni ukurasa ulio wazi kwenye intaneti, na yeyote anayeufikia wa kwanza ndiye anayekuwa msimamizi. Tulizoea kudhani hakuna anayejua kwamba upo. Lakini tovuti mpya ikipata cheti cha https, jina lake huandikwa kwenye madaftari ya wazi ya vyeti ambayo mtu yeyote anaweza kuyasoma wakati huohuo. Mwaka 2017 watafiti wa usalama walieleza jinsi wavamizi walivyokuwa wakizitafuta WordPress zilizopakiwa lakini hazijamaliziwa. Mvamizi alikuwa anajaza fomu ile ya usakinishaji kwa kutaja hifadhidata yake mwenyewe iliyo mbali, anakuwa msimamizi, kisha anapandikiza msimbo wake kwenye seva ya mwenye tovuti. Mwenye tovuti yuko jikoni anakunywa maji, anajiandaa kurudi kwenye hatua ya nne.

Kadiri usakinishaji unavyokuwa rahisi kwa mwalimu ndivyo unavyokuwa rahisi kwa huyo mwingine pia. Kwa hiyo sasa, anapopakua ile faili ndogo, ukurasa humwonyesha namba ya tarakimu nane, mpya kwa kila upakuaji. Ndani ya faili kuna alama ya kuitambua namba hiyo. Kisakinishi hakifanyi chochote mpaka kiandikiwe namba sahihi. Makosa matano, kinajifunga, na njia ya kukifungua ni kupakia faili mpya, jambo ambalo mwenye akaunti ya seva peke yake ndiye awezaye kulifanya. Baada ya saa moja kinajifunga vilevile. Kazi ikiisha, kinajifuta.

Nilihofia kwamba namba hiyo itamkera. Hakusema lolote. Aliiandika kama watu wanavyoandika namba za siri kila siku, akaendelea. Swali lile lilikuwa lake kweli: yeye peke yake ndiye aliyekuwa na jibu.

Kuhusu njia nyingine

Nimeulizwa kwa nini sikutumia visakinishi vya kubofya mara moja vilivyomo kwenye paneli, kama Softaculous. Ni vizuri, na programu ikiwa imo kwenye orodha yao mwenye tovuti hana haja ya kusoma yote haya. Yangu ni ndogo, haimo, na si kila kampuni ina paneli ya namna hiyo. Nimeulizwa pia kwa nini nisiiendeshe programu kwenye seva yangu na kumpa mwalimu akaunti tu. Nilimwuliza yeye. Alisema majina ya wanafunzi wake, wengi wao watoto, anataka yakae kwake. Sikuwa na la kubishana.

Kusasisha nako ni nusu nzima ya kazi, ingawa hapa nitaeleza kwa haraka. WordPress ilianza kumruhusu msimamizi kusasisha programu yenyewe kwa kubofya kwenye toleo la 2.7, Desemba 2008, na kusasisha matoleo madogo yenyewe usiku na mchana kwenye 3.7, Oktoba 2013. Kati ya kutoka kwake mwaka 2003 na hapo ni miaka ya watu kupakia faili kwa mkono, au kuacha kabisa. Ukimrahisishia mtu kusakinisha bila kumrahisishia kusasisha, umemwachia mlango ambao kila mwaka unazidi kuoza. Yangu hufungua toleo jipya kwenye folda ya pembeni, hulijaribu, kisha hubadilishana majina ya folda, na la zamani hubaki kwa siku 14 ili kurudi nyuma kuwe ni kitufe kimoja. Pia hukagua toleo la PHP kila wiki. Msaada rasmi wa PHP 7.4 ulikoma tarehe 28 Novemba 2022, kampuni nyingi zikahamisha wateja kwenda 8, na kuna watu walioamka na tovuti zilizovunjika bila wao kugusa kitu.

Jaribio la tatu

Mara ya tatu sikwenda. Nilimwomba afanye peke yake na aniandikie saa aliyoanza na aliyomaliza. Dakika 14. Aliniambia muda mwingi ulikwenda kwenye kuamua kama aandike jina la shule kwa kirefu au kwa kifupi.

Halikuwa salama lote. Mwanafunzi wa kwanza aliweka miadi, na barua pepe ya uthibitisho haikumfikia. Ilikuwa imetupwa kwenye barua taka. Seva ya pamoja hutuma barua kwa jina la kikoa ambacho mara nyingi hakijaitaja kwenye rekodi zake za SPF, yaani orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina hilo, wala kuitilia DKIM, sahihi ya kidijitali ya barua, na wapokeaji huikataa au huificha. Hili siwezi kulimaliza kutoka ndani ya programu, kwa sababu rekodi ziko kwa anayesimamia kikoa. Nilichofanya ni kwamba mwisho wa usakinishaji programu sasa hutuma barua ya majaribio na kumwomba mwenye tovuti aandike neno lililomo. Akisema haikufika au imeingia kwenye taka, anapewa barua nyingine iliyokwisha kuandikwa, yenye rekodi za kuongezwa, ya kumpelekea anayesimamia kikoa chake. Kwa mwalimu ilichukua siku tatu na majibizano mawili. Sijaridhika nalo.

Kisha akaniuliza, "Mwanangu, na siku nikitaka kuiondoa?"

Nilikuwa nimefikiria kila namna ya kuingia. Ya kutoka ilikuwa "futa folda," yaani kumwacha atafute folda ile na ile faili ya hifadhidata yenye jina la kubahatisha niliyoificha mwenyewe nje ya folda ya wavuti, ambayo asingeiona kamwe, na ambayo ingebaki pale na majina ya watoto. Kitufe cha kuondoa nilikiandika wiki hiyo. Kinampa kwanza faili ya jedwali yenye miadi na wanafunzi wote, inayofunguka kwenye programu yoyote ya majedwali, kinasubiri athibitishe kwamba ameifungua na kuiona, ndipo kinafuta hifadhidata, folda za programu, na nakala rudufu. Ukurasa wa mwisho unaorodhesha kila kilichofutwa na mahali kilipokuwa. Mwalimu alikijaribu kwenye nakala ya pili tuliyoiweka kwa ajili hiyo, akafungua meneja wa faili, akatazama folda moja baada ya nyingine kuhakikisha.